Buna ya Kalicha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Batula alifagia ua, akawasha makaa na kumpikia chai baba yake, Mzee Arero. Mwaka huo wa 1984 mvua ilikuwa imekataa na ng'ombe walikufa kila upande, kwa hivyo chai ilikuwa ya rangi tu.

Mzee Arero aliuza ngozi katika mtaa wao wa Wabera. Tangu Januari alikuwa pia mmoja wa wazee wanne walioteuliwa na serikali kukaa na Bwana D.O., afisa wa tarafa, na kuamua kesi za mashamba. Sasa walikuwa na kesi ya shamba moja la huko Burat lenye mfereji wa maji. Mama Lowoi, mjane, ndiye aliyelilima. Kalicha, mchuuzi wa mbuzi, alidai ni lake.

Siku moja Kalicha alipiga hodi baba akiwa hayupo. Alitoa salaam, akamwachia Batula mfuko wa buna na mkebe wa samli. Buna ni kahawa. Waborana hukaanga punje zake kwa samli, na tangu zamani mwenye shauri huwapelekea wazee. Batula alipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa. Jioni aliikaanga, na baba akala akidhani imeletwa na shangazi.

Kesho yake Nakal, binti wa Mama Lowoi, alihamisha vitabu vyake kutoka dawati alilokalia na Batula. Batula alipomuuliza kisa, alijibu bila kumtazama.

"Kalicha anajigamba sokoni kwamba baba yako ameshakula buna yake. Sisi tutakula nini? Vumbi?"

"Hiyo ni heshima tu. Baba si jaji. Jaji huvaa joho."

"Basi huyo asiye jaji ndiye atakayetufukuza shambani."

Batula hakusikia somo lolote siku hiyo. Angeweza kunyamaza, lakini aliogopa kumwona Nakal akibeba sufuria zao barabarani. Alimweleza baba yake kila kitu. Mzee Arero hakumchapa. Alimwambia abebe kilichobaki, waende kwa D.O.

Ofisini Batula alieleza yote. Akaongeza kwamba baba yake si jaji.

"Sheria haiangalii joho, binti yangu," Bwana D.O. alisema. "Yeyote aliyepewa na sheria uwezo wa kukata kesi ikakatika, hata akiwa mmoja kati ya wazee wanne, hapo ni jaji. Akila cha mwenye kesi akijua, ni jela."

Mzee Arero hakufungwa, maana hakujua na alikuja mwenyewe. Lakini aliacha kiti chake siku hiyo hiyo, na Kalicha akaitwa na polisi. Wazee wengine walisikiliza kesi upya, na Mama Lowoi akabaki na shamba lake.

Nyumbani kwa Arero hakukuwa na furaha. Watu walisema amewauza ndugu zake Waborana kwa kumtoa Kalicha kwa polisi. Wengine walipita mlangoni bila salaam. Nakal alianza kumsalimia Batula, lakini hakurudi dawatini.

"Nimekuharibia jina, Baba," Batula alilia.

"Nililiharibu mwenyewe, nilipokula bila kuuliza," baba alijibu polepole. "Nilikuwa nimeshikishwa maisha ya mtu. Ukipewa kuamua, hata ugomvi wa watoto wenzako, usipokee kitu cha upande wowote. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema, kabla mnyonge hajatolewa kwake."