Zunguka Upande wa Kulia

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, duka la kunakili karatasi lilijaa hadi mlango ukakosa pa kufungukia. Katikati ya msukumano huo alisimama fundi cherehani, gauni la kijani limemkaa kama limemwagwa juu yake, tepu ya kupimia shingoni badala ya mkufu. Nyuma yake, upande wa kushoto, kulikuwa na mchora ramani za nyumba, shati limepigwa pasi hadi unaogopa mikunjo isikukate.

"Dada, umeangusha karatasi."

Kimya.

"Dada mrembo! Karatasi yako!"

Fundi hakugeuka. Watu wakacheka. Mchora ramani akazunguka hadi mbele yake, uso umevimba.

"Hivi kumjibu mtu ni dhambi?"

"Uliniita lini?"

"Mara mbili! Hata ukuta ungeitika."

"Basi ungeposa ukuta. Anayetaka nimsikie huzunguka kulia."

Alizunguka. Tena alizunguka akicheka, na kabla karatasi hazijatoka kwenye mashine alikuwa ameshapata namba ya simu. Wanaume wengine hawana hata haya ya dakika kumi!

Miezi mitatu baadaye ndipo fundi alipomwambia. Homa ya utotoni iliondoka na sikio la kushoto. Mama yake ndiye pekee aliyejua. Wateja walidhani ana maringo, naye aliwaacha wadhani hivyo, kwa sababu maringo hayamfukuzi mteja, ila huruma humfukuza. Tangu siku hiyo mchora ramani alitembea kulia kwake, hata pale kulia kulipokuwa na mtaro.

Sasa sikilizeni upuuzi wa watu wenye elimu.

Wazee wa mchora ramani walitarajiwa Jumamosi nyumbani kwa fundi, kuzungumza mambo ya ndoa. Jumatano wapenzi walipanga kukutana dukani kuchagua kitanda. Fundi alisimama kati ya vitanda saa mbili nzima, hadi wauzaji wakataka kujua kama na yeye anauzwa. Mchora ramani alikuwa ofisini, anabishana na akili bandia kwenye kompyuta yake kuhusu ngazi ya nyumba ya ghorofa. Kubishana nayo ndiyo kazi yake: anaionyesha mchoro, inamtafutia kasoro, anaijibu. Ngazi ilinyooka. Mchumba alisahaulika.

Alipokumbuka, je, alikimbia? Alipiga simu? Aliandika palepale chini ya mchoro wa ngazi: "Mchumba wangu amekasirika. Niandikie maneno matamu ya kumwomba radhi."

Mashine ikamuuliza vizuri tu: yukoje huyo mchumba, na wewe mwenyewe unataka kumwambia nini?

"Wewe andika tu, nina kazi," akajibu.

Mashine ina maswali, mwanamume hana majibu! Ikaandika. Naye akanakili na kutuma bila kusoma hata mstari.

Fundi aliusoma ujumbe huku cherehani ikikimbia. Ulikuwa mtamu, hakuna ubishi. Akafika mwisho: "Natamani kukunong'oneza katika sikio lako la kushoto, lililo karibu na moyo, sauti ambayo ni wewe tu utaisikia."

Mguu ukaganda juu ya pedali. Akapiga simu.

"Mpenzi! Umeupata ujumbe?"

"Nimeupata. Ulitaka kuninong'oneza wapi?"

"Ee... popote upendapo, malkia wangu."

"Soma ulichonitumia. Soma kwa sauti!"

Alisoma. Alipofika kwenye sikio, sauti ilikatika kama uzi mbovu.

"Mpenzi, kumbe... Hayo si yangu. Ni ya akili bandia niliyokuwa nabishana nayo ngazi asubuhi nzima. Lakini siri yako sikuitoa, wallahi! Ndiyo maana haikujua."

"Haikujua yenyewe. Na wewe je? Umeificha siri yangu hadi ukaisahau mwenyewe?"

"Si kila mtu anaitumia siku hizi? Hata wewe!"

"Tena kila siku! Naiambia nina mita nne za kitambaa na magauni mawili. Inaniuliza maua yanatazama wapi, najibu. Inapendekeza, nakataa. Juzi ilisahau mkono mmoja wa gauni, nikaugundua kwenye karatasi kabla sijakata. Tunafikiri wawili, lakini mkasi nashika mimi! Wewe umeikabidhi mkasi, kitambaa na mchumba, ukaenda zako. Waambie wazee wako wasije."

Akakata simu. Mama yake, aliyekuwa pembeni akishona vifungo, hakuinua macho.

"Usilie, mwanangu. Mwenye masikio mawili angedanganywa mara mbili."

"Mama!"

"Nimesema nini? Ila nami nauliza. Ngazi kaibishia asubuhi nzima, mke kashindwa kumwandikia mstari mmoja?"

Ijumaa mchana cherehani sita za fundi na wenzake zilikuwa zikinguruma chumbani mchora ramani alipoingia. Shati halikupigwa pasi. Mkononi alikuwa na kipande cha karatasi ya ramani, kimeandikwa kwa penseli, kimefutwafutwa hadi kutoboka.

"Nimeandika mwenyewe. Ni mabaya."

Fundi akamgeuzia sikio la kushoto, makusudi, kama mtu anayefunga duka. Mchora ramani akaruka kapu la vitambaa, akapita nyuma ya mama, akagonga goti kwenye meza, akatokea kulia.

"Nilikusahau kwa ajili ya ngazi," akasoma. "Ukanisubiri peke yako kati ya vitanda. Kisha nikaona uvivu kukufikiria. Sina maneno matamu. Nitazunguka kila siku. Wazee waje kesho?"

"Sijasikia. Rudia."

Akarudia kwa sauti zaidi. Cherehani mbili zikanyamaza.

"Bado."

Alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza, mtundu huyo! Mara ya tatu hapakuwa na cherehani hata moja inayolia, na mafundi wote walikuwa wameshika vitambaa hewani.

Fundi akaichukua ile karatasi iliyotoboka, akaikunja, akaitia kifuani.

"Waje," akasema, kwa sauti ya kufika hadi mlangoni, wateja na mafundi wote wasikie. "Na uwaambie mapema wakae upande wangu wa kulia. Sikio la kushoto halisikii."