Saa Sita ya Sebastiani

"Tumbili yuko hewani," redio ya Motorola ilikoroma. Alikuwa Domitila, mnasa mawimbi wa Idara ya Wanyamapori, kutoka ukingoni mwa kreta; Tumbili lilikuwa jina lao la siri la ndege ya majangili. "Anaelekea Endabash. Over."

Sebastiani Hhando alilala kifudifudi ndani ya shamba la ngano kando ya kiwanja cha ndege cha Endabash, bunduki ya Browning mkononi, umande ukimlowesha kifua. Alfajiri ile ya mwaka 1981 alikuwa akimwaza mtu mmoja.

Lembris.

Wiki iliyopita Domitila alimletea saa ambazo majangili waliwasiliana na ndege yao. Mara saa kumi na moja alfajiri, mara saa moja asubuhi. Sebastiani, msomi wa hesabu, alikuwa na haraka. Akabonyeza kikokotoo chake cha Casio, atafute wastani: kumi na moja jumlisha moja, gawa kwa mbili.

Sita.

Akaamuru doria iwe uwanjani saa sita mchana.

Ndege ilitua jua likichomoza. Ilimkuta askari wa wanyamapori mmoja tu wa doria ile, Lembris. Majangili walimpiga risasi ya paja, wakamwacha wakidhani amekufa. Doria ilimkuta saa sita, damu imemtoka tangu alfajiri. Makao makuu wakauliza: aliyeamriwa saa sita alifuata nini pale mapema vile? Wakamfunga pingu kitandani hospitalini, wakamwita msaliti.

Jana tu ndipo Sebastiani alipochora uso wa saa kwa kidole kwenye vumbi la boneti ya Land Rover, akatia nukta kwa kila mawasiliano. Zote zilijazana kuzunguka kumi na mbili. Upande wa sita hapakuwa na hata moja. Saa inazunguka, naye aliijumlisha kama magunia. Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Ndege, Cessna ndogo, ikagusa ardhi.

Sebastiani akafyatua risasi moja. Tairi la mbele likapasuka.

Doria ikaibuka ndani ya ngano, ikamzunguka rubani mgeni na wapokeaji wake wawili, viroba vya pembe za faru miguuni mwao.

"Kazi safi," mkuu wa makao makuu alisema redioni. "Na yule msaliti wako?"

"Hakuna msaliti. Saa niliikosea mimi. Andika jina langu kwenye ripoti. Over."

Akazima redio kabla ya jibu.

Hospitalini Karatu alifungua pingu mwenyewe, akaomba radhi. Lembris alisugua mkono uliokuwa na pingu.

"Hukuniuliza, afande. Nililala pale uwanjani usiku kucha ili nisichelewe hiyo saa sita yako."

Sebastiani akavaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban humo humo wodini, akatoka taratibu bila kugeuka.