Kigoda cha Mungu wa Giza

Yaliyomkuta rafiki yangu, fundi wa pampu za hewa kwenye chombo cha anga, usiombe yakukute. Aliitwa kutengeneza pampu katika hekalu la waabudu giza, humohumo chomboni. Taa ni mwiko mle, basi akafanya kazi kwa kupapasa, huku waumini wakivuma kama nyuki. Alipochoka kuchuchumaa akagusa kigoda kitupu, akakikalia. Hakujua kwamba kigoda hicho huachiwa mungu wao.

Kigoda kikalia kwa uzito wake, na mvumo wa waumini ukakatika ghafla.

"Samahani jamani, nanyanyuka."

"Usinyanyuke, mwanangu," mama mmoja akanong'ona. "Naye ameshakaa."

Fundi akajaribu kusimama, miguu ikamgomea. Mapajani pake, kitu kizito cha baridi kikajisogeza taratibu, kikakaa vizuri.