Jino Pacha la Shija

Shija yuko darasa la kwanza, na ana jino la ajabu.

Liko mbele, safu ya chini. Ni pana kuliko mengine, na katikati lina mstari. Ukiliangalia, unaona meno mawili yameshikana. Ukilitikisa, ni moja.

"Hilo ni jino pacha," alisema Kulwa.

"Kama sisi," alisema Doto.

Kulwa na Doto ni dada zake Shija. Walizaliwa siku moja. Kwa Wasukuma, pacha wa kwanza huitwa Kulwa na wa pili huitwa Doto. Mtoto anayezaliwa baada yao huitwa Shija.

Mama akiwaita kula, huwaita hivi:

"Kulwa, Doto, kisha Shija! Mikono mmenawa?"

Kulwa na Doto hulala kitanda kimoja. Hunong'onezana na kucheka, hi hi hi. Shija ana kitanda chake, na hana wa kumnong'oneza.

Ndiyo maana alilipenda jino lake. Alikuwa na pacha wa kwake, mdomoni.

Basi, meno ya darasa zima yakaanza kucheza. Tiki, tiki, tiki.

La Masanja lilitoka akila muwa. La Nkamba lilitoka akipiga chafya. Kila mmoja alirusha jino lake juu ya bati. Kong! Ili lije jipya.

Shija akalitikisa lake. Wapi. Halichezi.

Siku moja Shija alikuwa akila matobolwa. Hivyo ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani. Ni vitamu, na vinanata.

Kipande kikanasa kwenye mstari wa jino. Jino likaanza kupwita. Pwi, pwi, pwi.

"Tulifunge uzi," alisema Kulwa.

"Tuufunge kwenye mlango," alisema Doto.

"Kisha tuubamize," walisema wote wawili.

Shija akafumba mdomo, mm-mm.

Mama alitokea na ndoo ya maji kichwani. "Huo uzi wangu wa kushonea urudi ulikotoka," alisema. "Na wewe Shija, vaa viatu. Tunaenda kwa daktari wa meno."

Daktari aliitwa Nyamizi. Alikuwa na kioo kidogo chenye mpini mrefu.

"Shikamoo, daktari," alisema Shija.

"Marahaba, mwanangu. Fungua mdomo kama kiboko."

Shija akafungua. Aaaa.

"Kumbe una wageni wawili kwenye kiti kimoja," alisema Daktari Nyamizi.

"Jirani anasema ni kwa sababu nilikula ndizi zilizoungana nikiwa na mimba yake," alisema mama.

"Ulizila?" aliuliza daktari.

"Nilizila. Nilikuwa na njaa."

Daktari akacheka. "Ndizi haziumbi meno, mama. Meno haya yaliungana mtoto akiwa bado tumboni. Hutokea. Hakuna aliyekosea."

"Utaling'oa?" aliuliza Shija, mdomo ukiwa bado wa kiboko.

"Hapana. Hapo kwenye mstari kuna kamfereji. Chakula kinajificha humo, na jino limeanza kuoza kidogo. Nitasafisha, kisha nitaziba. Lakini kwanza tulipige picha."

Mashine ikalia, dii. Picha ikaonyesha yaliyojificha ndani ya ufizi.

"Haya ni meno ya ukubwani," alisema Daktari Nyamizi. "Yanasubiri zamu. Chini ya kila jino la utoto kuna moja."

Shija akaangalia chini ya jino pacha. Palikuwa na jino moja tu.

"La pili liko wapi?"

"Halipo. Mara nyingine inakuwa hivyo kwa meno pacha. Hawa wawili wataondoka, atakuja mmoja."

"Na pengo?" aliuliza mama.

"Huenda meno mengine yakasogea yakaliziba. Yasiposogea, akiwa mkubwa tutaweka jino la kutengeneza. Mlete kila baada ya miezi sita."

Shija akaligusa jino pacha kwa ulimi.

Daktari akasafisha mfereji. Vuuu. Akapaka dawa nyeupe. Akaimulika kwa taa ya bluu mpaka ikawa ngumu kama jino lenyewe.

Hakukuwa na pwi, pwi tena.

Njiani Shija alisema, "Mama, jino langu jipya litakuwa peke yake."

"Litakuwa na mswaki," alisema mama. "Tembea, jua linazama."

Siku zikapita. Shija alipiga mswaki asubuhi na jioni. Akawa analitikisa jino pacha kwa ulimi. Halichezi. Halichezi.

Halafu, jioni moja: tiki.

Tiki, tiki.

Tiki, tiki, tiki. Jino likadondokea kwenye kikombe cha maji. Chubwi!

"Upande huu nirushe mimi," alisema Kulwa.

"Na huu nirushe mimi," alisema Doto.

"Jino ni la Shija," alisema mama. "Arushe mwenyewe, nyinyi mshike taa."

Shija akarusha. Kong! Bati likalia mara moja tu, kwa wote wawili.

Wakasubiri. Baada ya muda, kitu cheupe kikachungulia kwenye ufizi. Kidogo kama chenga ya mchele.

Kulwa akaangalia. "Limekuja moja."

Doto akaangalia. "Peke yake. Maskini."

Shija akachukua kioo cha mama. Akaliangalia jino jipya kwa muda mrefu. Kisha akauliza:

"Mama, baada ya Kulwa na Doto anakuja nani?"

"Anakuja Shija. Si unajua?"

"Basi hili ni Shija," alisema Shija. "Limekuja kwa zamu yake."

Mama akaacha kukunja nguo. "Hilo hata daktari hakulisema," alisema.

"Nilione tena," alisema Kulwa.

"Nilione mimi," alisema Doto. "Njoo huku kitandani kwetu, kuna nafasi."

"Kila mtu kitanda chake," alisema mama. "Kesho shule."

Lakini Shija alikuwa tayari amepanda, katikati yao. Wakanong'ona. Wakacheka, hi hi hi.

Mama akajifanya hajaona. Akashika taa.

"Kulwa, Doto, kisha Shija. Meno mmepiga mswaki?"

"Tumepiga," walisema watatu.

"Na Shija mdogo pia," alisema Shija.

Mama akazima taa.