Tope Jepesi

"Tai, mkamate sasa. Mwisho."

Sauti ya mkuu wake ilikatika kwenye redio ya Motorola. Jasusi, Tai kwa jina la kazi, akapanda ngazi za chuma za mnara wa kuchoronga kisima cha gesi, mbili mbili, kofia ngumu kichwani, Beretta kwapani.

Aliyetakiwa kukamatwa alikuwa shemeji yake.

Mchorongaji mkuu. Mume wa dada yake. Mtu aliyemwombea kibarua hapa bila kumhoji, akampa chumba, akamwekea mezani kipande kinono kuliko cha kwake. Jasusi alikula, akashukuru, kisha akaupekua mkoba wa mwenyeji wake. Alikuwa ametumwa. Hata hivyo, aliona aibu.

Njama ilikuwa wazi. Wanunuzi wa kigeni walitaka kisima kilipuke, eneo lifungwe, wao walichukue kwa bei ya kutupa. Shemeji alikuwa amelizimua kwa maji tope zito linaloshushwa kisimani kuigandamiza gesi. Tope likawa jepesi. Gesi ikaanza kupanda.

Juu, vibarua walikuwa wakipanga mabomba, shemeji akiwa kwenye swichi ya pampu ya tope.

"Shemeji wa bosi huyo!" mmoja alitania. "Leo buti zitachafuka kweli?"

Jasusi akapeleka mkono kwapani. Kipima gesi kikatetemeka kifuani pake.

Akautoa mkono mtupu. Cheche moja ya bastola ingewateketeza wote.

"Zima pampu, shemeji."

"Shuka chini. Hapa si sebuleni kwangu."

Jasusi akainua mikono, akaipishanisha juu ya kichwa.

Mnarani, ishara hiyo haibishiwi. Aitoe mkuu, aitoe mfagiaji, kazi husimama kwanza, maswali baadaye. Shemeji ndiye aliyewafundisha wote, mwaka baada ya mwaka. Mkono wake ukazima pampu kabla akili haijaukataza.

Kimya.

Pampu imezimwa, lakini tope likaendelea kububujika kutoka kisimani, limejaa mapovu. Hakuna mchorongaji asiyejua maana yake.

"Gesi! Funga!" kibarua mmoja alipaza sauti.

Msaidizi wa shemeji akaurukia wenzo. Chini ya miguu yao, vali kuu zikalibana bomba kwa kishindo. Tope likakatika.

Shemeji aliutazama mkono wake, haamini.

"Waliniahidi watu watashushwa kwanza," alinong'ona.

"Na uliwashusha?"

Shemeji akanyoosha mikono. Pingu zikafunga.

"Umekula kwangu, wewe."

"Nimekula."

Utetezi alikuwa nao: kiapo, taifa, roho za vibarua wale. Hakuutamka. Aliwakabidhi mtuhumiwa majasusi wenzake waliokuwa wamepanda nyuma yake, akashuka.

Getini, mlinzi alimrudishia simu aliyoiacha alipoingia. Ilikuwa ikiita.

"Kaka, mbona mmekawia? Chakula kinapoa. Hebu mpe mume wangu simu."

"Nakuja, dada."

"Mnakuja?"

"Nakuja. Peke yangu."

Akavua kofia ngumu, akaiacha kwa mlinzi, akashika barabara kwa mwendo wa kijeshi, mgongo wima, macho ardhini.