Ruhusa ya Kulala

Kitanda hakikuwepo jana yake. Bwana Vibao aliona wazi kwamba hakikuwepo, ila hakushtuka, na kosa lake likaanzia hapo.

Jumba lile la kitajiri la zamani lilikuwa limegeuzwa makumbusho ya sanaa za kisasa, na humo, jamani, hujui taka ni ipi na sanaa ni ipi. Ndoo iliyotoboka ina kibao cha maelezo. Viatu mia, vyote vya mguu wa kushoto, vina kibao. Mwandishi wa vibao hivyo, ndiye Bwana Vibao, alikuwa mwepesi wa kalamu, mzito wa kuuliza. Alipokuta kitanda kidogo cha mbao katika chumba cha mwisho ghorofani, alidhani msanii amekileta akasahau maelezo. Shuka zilikuwa na joto la mtu. Akaona ndiyo sanaa yenyewe, akaandika: "Kitanda. Ruhusa kulala."

Mchana dada yake, fundi cherehani, alikuja kutembea na bintiye wa miaka sita, mtoto wa pekee aliyempata baada ya kukata tamaa. Walimwita Chiriku kwa maneno yake mengi. Alivicheka viatu vile, akauliza ndoo ile inachota nini. Chumba cha mwisho aliingia mbio, akajitupa kitandani, akanyamaza.

Mama akamwita mara tatu bila jibu. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani, na ingawa jua la saa saba lilikuwa likipiga madirishani pumzi za mama zikaanza kutoka na mvuke, na chini ya kitanda kikasikika kicheko cha kujizuia, cha mtu aliyejificha akidhani hajaonekana, huku mtoto amelala macho wazi na godoro kando yake likibonyea taratibu, kana kwamba mwingine anajisogeza amkaribie.

Mama wa usafi alifika mlangoni na ufagio wake, asivuke kizingiti. Alinong'ona kwamba miaka yote anayofagia pale kitanda hicho huja na kuondoka chenyewe, naye hukiacha kipite, kwa kuwa hakikuwa na ruhusa ya kumshika mtu.

"Wewe umekipa ruhusa kwa maandishi," alimwambia Bwana Vibao, aliyesimama kando ya dada yake. "Ifute."

Bwana Vibao akachana kibao, akaandika kingine: "Marufuku kulala hapa."

Godoro likainuka. Baridi ikakatika. Chiriku akashuka mwenyewe, akamkumbatia mama yake kiunoni, na mama akalia kwa furaha, mwanangu, mwanangu. Bwana Vibao akaegemea ukuta akimshukuru Mungu.

Ndipo mtoto akageuza uso, akamtazama mjomba wake, akasema polepole kwa sauti ya mtu mzima:

"Umenitoa kitandani. Hujanitoa kwa mtoto."

Mama alisikia kila neno. Akazidi kumkumbatia.