Kibonye Chenye Plasta

Kila siku baada ya masomo, Bisibisi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia karakana ya mama yake, chumba kimoja chenye mlango wa bati, akafagia vipande vya nyaya sakafuni, kisha akakaa kwenye kigoda na kufungua chochote alichoruhusiwa kufungua. Mama yake alikuwa fundi wa redio na spika. Binti mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mitatu, na jina hilo alibandikwa na wenzake darasani kwa sababu mkoba wake haukukosa bisibisi. Kalamu aliweza kuisahau, lakini si bisibisi.

Pia alikuwa mpiga kinanda wa kwaya ya shule. Tatizo ni kwamba kinanda chenyewe kilikuwa kimeungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na mwalimu wa muziki alikuwa amesema wazi kwamba bila kinanda kwaya haitapanda jukwaani.

Mwalimu alisikia kwamba mpiga kinanda mmoja mstaafu wa bendi ya harusi anauza chake. Kilikuwa kinanda cha zamani cha kidijitali, cha enzi zile mashine zilipoanza kujitungia sauti za kengele, filimbi na nyuzi. Aliwachukua wapigaji wake wawili waende kukiona. Mmoja alikuwa Bisibisi. Wa pili alikuwa Punje, msichana wa darasa la tano, mdogo wa umbo na mpole kupita kiasi, aliyekuwa bado anajifunza. Kwao hakukuwa na kinanda, kwa hiyo alichora vibonye kwenye kipande cha boksi na kufanya mazoezi juu yake, kimya kimya, huku akiimba noti moyoni.

"Shikamoo, babu," walisalimu.

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni mumwone mzee mwenzangu."

Mzee alifunua kitambaa. Kinanda kilikuwa safi, ila vibonye viwili vilibandikwa plasta, ileile ya kufungia vidonda.

"Hapa na hapa pana ugonjwa," alieleza. "Hiki kinakwama. Hiki hakilii mpaka ukibembeleze. Na betri ya ndani imechoka, kwa hiyo ukikizima kinasahau sauti nilizokitungia. Nawaambia mapema, msije mkanilaumu mbele za watu."

Bisibisi alicheka hadi akaziba mdomo. "Babu, hiki ni kinanda au mgonjwa wa wodini?"

"Mgonjwa," mzee alijibu bila kukasirika. "Lakini anasema panapouma."

Njiani kurudi, Bisibisi hakunyamaza. Kwenye rafu ya mama yake, alisema, kulikuwa na vinanda viwili vya aina hiyohiyo. Kimoja kilikuwa na bodi nzima na vibonye vilivyovunjika, na kingine kilikuwa na vibonye vizima na bodi iliyoungua. Kwa nini wanunue kikuukuu cha watu wakati wao wanaweza kuunda chao?

"Cha mzee kasoro zake tunazijua," mwalimu alisema. "Zako tutazijua lini?"

"Hakitakuwa na kasoro, mwalimu. Naahidi."

Mwalimu alimtazama kidogo, akakubali. Alimwomba mzee awawekee kinanda chake hadi waone mambo yatakavyokuwa.

Kazi ilikuwa tamu. Mama alilehemu nyaya zilizohitaji mkono mtulivu, na Bisibisi akasafisha vipande vya mpira vinavyokaa chini ya vibonye. Mpira huo ndio unaogusa bodi kibonye kinapobonyezwa, na hapo ndipo sauti inapotoka. Yote yalipokuwa karibu kukamilika, mama aliitwa na mteja akatengeneze spika.

"Kabla hujakaza skrubu," alisema akichukua mkoba wa vifaa, "piga kibonye kimojakimoja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Usipige wimbo. Wimbo utakudanganya."

Bisibisi aliitikia, "Ndiyo, mama." Mama alipotokomea tu, alipiga wimbo. Ulitoka vizuri mno hata akaona hakuna haja ya mengine, akakaza skrubu zote. Kesho yake asubuhi shule nzima ilikuwa na habari kwamba kinanda kipya kipo tayari, na hakina hata doa.

Jioni ndipo alipokigundua. Kibonye kimoja cha katikati, pale ambapo vidole hupita kila mara, hakikulia. Alipokigonga kwa nguvu kililia, mara nyingine kikagoma. Mpira wake ulikuwa umelika. Angesemaje sasa, baada ya kumcheka mzee wa watu na kutoa ahadi mbele ya mwalimu?

Badala ya kusema, akapata ujanja. Kinanda kile kilikuwa na kitufe cha kuhamisha sauti. Ukikibonyeza, sauti zote hupanda au kushuka pamoja. Bisibisi alianza wimbo mahali pengine, vidole vikakiruka kibonye kibovu, na kile kitufe kikaurudisha wimbo kwenye sauti ya kwaya. Kwenye mazoezi hakuna aliyeshtuka. Mwalimu alimsifu, na sifa ile ilimkera badala ya kumfurahisha.

Kisha ikafika zamu ya Punje, ambaye alipangiwa wimbo wa pili. Yeye hakujua ujanja wowote. Aliweka vidole palepale alipofundishwa, na kila alipofika katikati ya wimbo, noti moja ikakosekana.

"Unaruka noti, Punje," mwalimu alisema. "Rudia."

Akarudia. Ikakosekana tena.

"Wimbo wa Punje una pengo!" mvulana mmoja wa sauti nzito alitania, na kwaya nzima ikaangua kicheko.

Baada ya mazoezi Punje alimfuata Bisibisi. "Dada, mbona mimi kinanikataa? Nabonyeza sawasawa."

Hapo Bisibisi angeweza kusema kweli. "Vidole vyako ni vyepesi," alijibu akitazama pembeni. "Bonyeza kwa nguvu."

Punje alimwamini. Kila mapumziko alijibanza nyuma ya darasa na boksi lake, akigonga mahali palepale hadi wino ukafutika. Kwenye mazoezi, mara kinanda kililia, mara kiligoma, naye akazidi kuchanganyikiwa, sasa akikosea hata pale alipokuwa akipapiga vizuri. Mwishowe mwalimu alimwita kwa upole.

"Tutakupumzisha hadi mwakani, mwanangu. Dada yako atapiga nyimbo zote mbili."

Punje alitokwa na machozi, akaanza kuyafuta kwa mkono, na ndipo Bisibisi alipoona kidole chake cha kati. Ukucha ulikuwa umepasuka pembeni kwa kugongagonga, na juu yake palikuwa na plasta.

Bisibisi aliitazama plasta ile, akamkumbuka mzee. Mzee alibandika plasta kwenye kinanda. Bisibisi alikuwa amembandika mtoto wa watu. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Mwalimu, si yeye," alisema. "Punje hajakosea hata mara moja. Ni kinanda. Kibonye kimekufa, mimi najua tangu siku ya kwanza, na nilikuwa nakikwepa."

Alikibonyeza kibonye mbele ya wote, taratibu, na hakikulia. Kisha akamgeukia Punje. "Nilikudanganya kuhusu vidole vyako. Nisamehe."

Punje alivuta kamasi. "Kumbe vidole vyangu ni vizima?"

"Vizima kuliko kinanda."

Yule mvulana wa sauti nzito hakutania tena siku hiyo. Mwalimu naye alimwomba Punje radhi kwa kumlaumu.

Jioni Bisibisi alimweleza mama yake kila kitu. Mama hakufoka. Alimpa bisibisi, akamwambia, "Fungua."

Chini ya vibonye alimwonyesha jambo. Mpira wa katikati ulikuwa umelika, lakini ule wa mwisho kabisa upande wa kulia, kwenye sauti nyembamba ambazo ni nadra mtu kuzifikia, ulikuwa kama mpya. Waliibadilishana nafasi: mzima ukaja katikati, uliolika ukaenda pembeni. Safari hii Bisibisi alipiga kibonye kimojakimoja, na ni kile cha pembeni tu kilichogoma.

"Kazi yenyewe ilikuwa ya kufumba na kufumbua," mama alisema akifuta mikono. "Ungeniambia siku ileile, mwenzako asingelia. Sikiliza, mwanangu. Cha kununua kina kasoro zake, na cha kuunda kina zake. Kasoro si aibu, kwa sababu ikitajwa hutengenezwa. Aibu ni kuificha hadi mtu asiye na kosa aonekane mbovu. Si unajua wanavyosema? Mficha maradhi..."

"...kifo humuumbua," Bisibisi alimalizia kwa sauti ndogo. Kisha akaomba plasta.

Siku ya wazazi Punje alipiga wimbo wake wote bila pengo. Alipomaliza, mama yake alipiga makofi hadi kitambaa cha kichwa kikamlegea. Mzee wa bendi, aliyealikwa na mwalimu, alisogea jukwaani kukitazama kinanda. Macho yake yalienda moja kwa moja kwenye kibonye cha mwisho upande wa kulia, chenye plasta.

"Mjukuu wangu," alimwambia Bisibisi akitabasamu, "hiki ni kinanda au mgonjwa wa wodini?"

"Mgonjwa, babu," Bisibisi alijibu. "Lakini anasema panapouma."